Kiti cha Mlangoni

Nakumbuka, mwanangu Ngoie, asubuhi moja niliyokwenda kusema maneno matatu tu, nikarudi nayo mdomoni. Ni miaka thelathini sasa. Maneno yenyewe hayakuwa magumu. Yalikuwa haya: mulango iko mubaya. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasema. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye mikono ya kukunja chuma, na yalinishinda.

Nakuandikia badala ya kukuambia kwa sababu nakujua. Ukiwa mbele yangu utanikatiza, utaangalia simu, utasema "Papa, najua", mimi nitakasirika na chai itapoa. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Tena naandika Kiswahili cha shule, kile tulichofundishwa na masista, na najua utanicheka. Cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Jumapili ulikuja nyumbani baada ya misa. Tulikula bukari na samaki, kisha ukatoa mchoro wako ukaniwekea mezani, ile bawaba uliyoibuni kwa ajili ya milango ya mabasi ya watoto wa shule pale Hewa Bora. Ulinieleza kama unavyowaeleza wakubwa wako. Mpira mnene katikati ya mabamba mawili ya chuma, na pini laini inayokubali kupinda. Gari likigongwa ubavuni, mpira unabonyea kwanza, pini inapinda baadaye, na pigo linaishia pale kwenye bawaba kabla ya kumfikia mtoto aliyekaa mlangoni. Nilikusikiliza na moyo wangu ulijaa, mwanangu. Sikusema, lakini ulijaa. Mabasi matatu yanatembea na kazi ya kichwa chako.

Halafu ukashusha sauti. Ulisema umefungua bawaba moja kuiangalia, ukakuta mpira umekauka kwa joto na vumbi. Ulibonyeza kwa kidole gumba na haukubonyea. Umekuwa mgumu kama sabuni iliyosahauliwa juani. Ulimwambia mkuu wako wa kazi, naye akasema mngoje likizo kubwa, kwa sababu mkisema sasa shule itapeleka kazi kwa watu wengine, na watu watasema walijua tu, kazi ya milango ya magari si ya msichana. Ukaniuliza, "Papa, ningoje ao niseme?"

Nikakuomba unipitishie pilipili.

Ulidhani sikusikia. Nilisikia vizuri sana. Nilinyamaza kwa sababu mtu wa mwisho anayefaa kukujibu swali lile ni mimi, na leo nitakuambia kwa nini. Habari hii inamhusu pia Mama Odia, mama yako wa ubatizo, marraine wako. Unaujua mkono wake wa kulia, usiofunga, uliopungukiwa vidole viwili. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiushika na kuuliza vidole vimeenda wapi, naye akikujibu kwamba vilipanda basi vikasahau kushuka. Ulicheka. Mimi nilikuwa nikitoka nje kuangalia kama geti limefungwa.

Nilifundishwa kazi na Papa Banza, ambaye hukumjua. Alikuwa na garaji yake Kampemba, baada ya kutoka kwenye karakana za reli. Alikuwa mtu mfupi, kofia ya reli haikutoka kichwani, na hakuvumilia mtu anayepiga mluzi kazini. Wakati ule magari madogo ya abiria yalianza kutufikia kwa wingi kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Yalitengenezwa kwa nchi ambazo watu wanaendesha upande wa kushoto. Usukani kulia, na mlango wa abiria kushoto. Kwetu, tunakoendesha kulia, mlango ule ulimshusha mtu katikati ya barabara, mbele ya malori. Basi kila mwenye gari alilileta kwetu. Tulifunga ule mlango wa kushoto kwa bati, tukakata mwili wa gari upande wa kulia, tukatundika mlango mpya kwa bawaba tatu. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha, na ndiyo iliyokulipia shule.

Papa Banza hakukubali bawaba kavu. Alikata vipande vya mpira kutoka kwenye mikanda mikuukuu ya migodini, ile inayobeba mawe, akaviweka katikati ya bamba na nguzo ya mlango. Na pini alitengeneza kwa chuma laini, chuma ambacho mimi nilikidharau. Alisema amejifunza relini, kwa tampon, zile sahani za springi zinazomeza pigo kati ya mabehewa. "Ma-wagon inagongana kila siku ku gare," alikuwa akituambia. "Inagongana, na mizigo haivunjike. Juu ya nini? Juu iko na tampon. Mulango nayo iko na haki ya tampon yake." Unaona, mwanangu, ule mchoro ulionionyesha kwenye kompyuta, nilikuwa nimeuona zamani, umechorwa kwa makaa kwenye ukuta wa garaji.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote mjini. Gari halikutoka kabla aliyetengeneza mlango hajakaa kwenye kiti cha mlangoni. Tulikuwa na gunia la mchanga lililofungwa kwa mnyororo kwenye palanga, ile mashine ya kunyanyulia injini. Fundi anaingia ndani, anakaa, anaweka mkono wake kwenye nguzo ya mlango kama abiria yeyote. Wenzake wanalivuta gunia nyuma, wanaliachia. Linakuja na kupiga mlango, bumu. Ukitoka salama, gari linaenda. Tuliita "kukaa kiti". Nilikaa mara nyingi kwa milango ya mpira, na nakuambia kweli, ndani ulisikia kishindo lakini mkono haukusikia kitu.

Sasa nikueleze ujinga wangu. Milango ya mpira ilikuwa ikirudi. Baada ya miezi kadhaa mpira unachakaa, mlango unaanza kutikisika, shofere anaurudisha tubadilishe. Wakati wa kuurudisha, mashofere walinitania mbele ya watu. "Kabange, mulango yako inacheka tena!" Kwa Papa Banza mlango kurudi ulikuwa sehemu ya kazi, kama sahani inavyorudi kuoshwa. Kwangu ilikuwa aibu. Nilitaka nitengeneze mlango mmoja usiorudi garaji milele, mlango ambao watu wangesema huu ni wa Kabange. Nilikuwa na kiburi, na nasema hivyo bila kujipaka mafuta.

Nafasi ilikuja wiki Papa Banza alipokwenda Likasi kwenye kilio cha dada yake. Papa Tshibangu, mfanyabiashara kutoka Kasai aliyekuwa akiuza nguo sokoni, alileta basi lake la kwanza, alilolinunua kwa jasho la miaka mingi. Nilitafuta vyuma vya migodini, vile vigumu kabisa, nikachonga pini nene kama kidole gumba changu. Mpira sikuweka. Mabamba nililaza chuma juu ya chuma na kuchomelea moja kwa moja kwenye nguzo. Ulipofungwa, mlango ule ulisema "ta!" kama gari jipya. Papa Tshibangu aliufungua na kuufunga mara kumi, akanikumbatia na mafuta yangu yote.

Kiti sikukaa. Nilijiambia mwenye gari ana haraka, na ni kweli alikuwa na haraka. Lakini gunia lilikuwa linaning'inia palepale, na kazi yenyewe haikuzidi robo saa. Nadhani mikono yangu ilijua jambo ambalo kichwa kilikataa kusikia.

Papa Banza aliporudi, aliona mabaki ya pini zangu chini ya meza. Aliokota moja, akaipima kiganjani. Akaniuliza, "Ulikaa kiti?"

"Hapana, patron. Papa Tshibangu alikuwa na haraka."

Hakupiga kelele. Aliniamuru nitundike mlango mmoja wa zamani kwa pini zile zile, kwenye mwili wa gari bovu lililokuwa uani. Nilifanya kazi ile tangu asubuhi mpaka saa nane, naye amekaa juu ya tairi ananiangalia. Nilipomaliza, alisema, "Keti." Nikaingia, nikaketi. "Mukono ku nguzo." Nikaweka mkono. Akalivuta gunia yeye mwenyewe, mzee yule, mpaka mnyororo ukalia. Nililiona kupitia dirishani, limesimama hewani, linamsubiri tu aachie.

Niliruka nje, mwanangu. Kabla hajaachia. Nilitokea upande wa pili na kuanguka kwenye vyuma.

Papa Banza alilishika gunia asiliachie, akalirudisha polepole mahali pake. Akasema, "Weye umeruka. Batu ba Tshibangu bataruka wapi?" Kisha akanipa nauli. "Enda sasa hivi. Umwambie mulango iko mubaya, arudishe gari. Tutatengeneza bure. Ashushe batu kwanza, halafu akuye."

Hayo ndiyo maneno matatu niliyokuambia. Jioni ile sikulipata basi, na hapo sikudanganya. Nililipata kesho yake asubuhi, kwenye arrêt, kituo cha mjini, limejaa. Nilitembea kulielekea nikiyarudia maneno kimoyomoyo. Papa Tshibangu alikuwa amesimama kando ya mlango. Aliponiona, alipiga kelele za furaha mpaka wauza mikate wakageuka.

"Muone huyu! Njo fundi yangu huyu! Ngoja musikie!" Akaufunga mlango wangu. Ta! "Munasikia? Mu Lubumbashi muzima hakuna mulango kama hii!"

Watu ndani walicheka, wakapiga makofi. Kwenye kiti cha mlangoni alikaa mama mmoja na mtoto mgongoni, simjui jina, sijamwona tena. Alitoa mkono wake dirishani akanishika bega. "Mulango muzuri, papa. Mungu akubariki, fundi."

Nikajibu, "Merci, mama."

Ndiyo hivyo. Nilikuja na maneno matatu, nikasema mawili, na yalikuwa mengine. Papa Tshibangu akaninunulia sucré, soda ya baridi, nikainywa pale pale nimesimama, huku basi likiondoka. Umekuwa ukiniuliza tangu utotoni kwa nini sinywi sucré hata kwenye harusi. Nilikuwa nakujibu kwamba inaniumiza tumbo.

Nilirudi garaji nikamwambia Papa Banza sikumwona mtu, nimeambiwa basi limeenda Kipushi. Akanitazama. "Kesho utarudia." Kesho yake mvua ilinyesha, nikakaa kwa rafiki yangu, nikarudi na uongo mwingine. Nilikuwa nikijiambia nitamwona Papa Tshibangu akiwa peke yake, nimweleze taratibu, bila watu. Unasikia, Ngoie? Bila watu. Nilikuwa nangoja likizo kubwa yangu.

Siku ya tatu lori lililobeba simenti lilikuwa linarudi nyuma kwenye njia panda. Halikuwa linakimbia. Wote walioona wanasema mtu angeweza kutembea kando yake. Liligonga basi la Papa Tshibangu pale pale mlangoni. Mlango wangu haukubonyea hata kidogo. Ulisimama imara kama nilivyotaka, na pigo lote ukalipeleka kwenye nguzo, na nguzo ikaingia ndani. Kwenye kiti cha mlangoni alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akienda kujifunza kushona. Alikuwa ameweka mkono wake wa kulia kwenye nguzo. Jina lake Odia.

Mlango haukufunguka. Pini zangu zilikuwa zimejifunga. Abiria wengine walitolewa madirishani, yeye alibaki amebanwa. Basi wakatuma mtu mbio mpaka garaji ya jirani kutafuta fundi wa kukata chuma, na garaji ya jirani ilikuwa yetu.

Tulikwenda mimi na Papa Banza. Moto wa kuchomelea haukuwezekana karibu na mtu, ilibidi nikate kwa msumeno wa mkono. Nikazikata pini zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, na zilikuwa ngumu kama nilivyozichagua. Nilivunja nyembe za msumeno sijui ngapi. Uso wangu ulikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka uso wake. Hakupiga kelele. Alikuwa amefumba macho, midomo imekauka, na kila niliposimama kubadilisha wembe aliniuliza kwa sauti ndogo, "Fundi, inabakia ngapi?"

"Mbili, mama."

Baadaye, "Fundi, inabakia ngapi?"

"Moja, mama. Moja tu."

Pini ya mwisho ilipokatika nilimshika asianguke. Kabla hawajamchukua kwenda hospitali aliniangalia akasema, "Merci, fundi. Asante kunitosha humu, kunileta inje."

Papa Banza alikuwa nyuma yangu. Njiani tulipokuwa tunarudi aliniuliza swali moja tu, bila kunigeukia. "Tshibangu, ulimuona ao haukumuona?" Nikasema, "Sikumwona, patron." Hakuuliza tena. Hakunifukuza pia, na mara nyingi nimetamani angenifukuza. Alichofanya ni hiki: kuanzia wiki ile, kila mlango nilioutengeneza, nilipotaka kuingia kukaa kiti, alinitangulia. Alikaa yeye. Mzee wa miaka karibu sabini, kofia kichwani, mkono kwenye nguzo, akiniambia, "Achilia." Nami nikaliachia gunia limwendee. Alifanya hivyo mpaka alipoacha kazi. Sikuwahi tena kuweka bawaba bila mpira, lakini hilo si la kujisifia, ni uoga wa kumpiga mzee.

Mama Odia alipotoka hospitali alinitafuta. Alikuja garaji na mama yake mzazi na kuku wawili, kumshukuru fundi aliyemtoa. Nilipokea, mwanangu. Nilipokea wale kuku. Tangu hapo tukawa watu wa nyumba moja. Alijifundisha kushika mkasi kwa mkono wa kushoto, ilimchukua muda mrefu na machozi mengi, na leo nusu ya maharusi wa Kampemba wamevaa kazi yake. Ulipozaliwa aliomba awe mama yako wa ubatizo, na gauni lako jeupe alilishona kwa mkono ule mmoja. Kila mwaka, siku ya ajali, analipia misa ya kuniombea mimi. Kila mwaka naenda, nakaa karibu naye.

Miaka yote hiyo nilimtengenezea milango ya nyumba, cherehani, baiskeli ya mtoto wake, na pesa nikakataa. Alikuwa anadhani ni ukarimu. Papa Banza alikufa bila kunisikia nikisema. Papa Tshibangu aliuza basi, akahama, naye sikumwambia. Na Jumapili wewe ukaniuliza kama ungoje au useme, na mimi nikaomba pilipili.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Mama Odia. Nilimkuta kwenye cherehani, ananipigia kelele kwa furaha kama kawaida yake, "Papa Ngoie! Kuya, kuya, kahawa iko!" Nilikataa kukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kofia mkononi, tangu pini za migodini mpaka ile sucré. Sikuruka kitu.

Alikuwa ameacha kushona. Aliuweka mkono wake wa kulia mapajani, akaufunika kwa ule wa kushoto. Nilitegemea alie, au anitukane, na ningeshukuru kwa lolote. Mwishoni aliniuliza, "Ile siku ya ku arrêt, uliikuta bus iko na batu mingi?"

"Ilikuwa imejaa."

"Ungalisema, batu bangalishuka," akasema. "Bangalipanda bus ingine. Njo vile tu. C'est tout."

Mwanangu, nimekuwa nikibeba jambo hili kama mlima. Nilikuwa nimelijengea sababu nyingi, ujana, kiburi, kelele za Papa Tshibangu, watu waliopiga makofi. Na yeye akalipima kwa maneno machache, na lilikuwa dogo hivyo. Watu kumi na watano wangeguna, wangeshuka, wangepanda gari lingine. Wangechelewa kidogo kazini. Hiyo ndiyo bei niliyoshindwa kuilipa.

Kisha akasema, "Miaka yote naombea muntu aliyenitosha mule." Nilimwomba msamaha kwa magoti. Hakunipa, na sikuandikii ili nikufariji: hakunipa. Aliniambia, "Enda kwanza, Kabange. Siku ntakuwa tayari, ntakuita." Hakuwa ameniita Kabange tangu ulipozaliwa.

Nilipofika mlangoni aliniita. "Ngoie eko na kazi ya ile mulango ya batoto, njo vile?" Nikamwambia ndiyo, nikamweleza kuhusu mpira uliokauka na likizo kubwa. Akasimama. Alisimama wima kabisa, Ngoie, uso umebadilika. "Umwambie marraine yake anasema asingoje kintu. Ashushe batoto kwanza. Bingine atasema nyuma."

Basi huo ndio ujumbe, na haukutoka kwangu, kwa sababu mimi sina haki ya kukushauri. Umetoka kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni.

Langu ni dogo tu. Bawaba yako ni nzuri. Ni nzuri kuliko ya Papa Banza, naye angeivulia kofia. Mpira kukauka si aibu, mpira wote unakauka, na mlango unaorudi garaji ndio mlango unaoangaliwa. Mimi niliichukia milango inayorudi, ndiyo maana nikatengeneza ule mmoja. Andika kwenye mchoro wako kila baada ya muda gani mpira ubadilishwe, na uandike kwa wino mkubwa. Kisha uende ukakae kwenye kiti cha mlangoni cha moja ya mabasi yale, mkono kwenye nguzo, ukae dakika tano. Utajua la kusema.

Lakini kabla ya yote hayo, ukimaliza ukurasa huu, piga simu shuleni. Usimngoje mkuu wako, usingoje upate mtu peke yake pembeni, usingoje moyo wako utulie, kwa sababu hautatulia. Waambie mabasi yasimame. Watakuwepo watu, watakusikia, na pengine baadhi yao walikupigia makofi. Sema mbele yao. Wakikupa kitu cha kunywa, kikatae mpaka uwe umesema. Kama watakufukuza, utarudi nyumbani, bukari ipo. Na kama watakubali, mpira mpya ninao, mkanda mzima wa mgodini, na kesho alfajiri nitakuwa getini kwao na msumeno wangu. Macho yangu hayaoni vizuri, lakini mikono bado inafanya kazi.

Nimebaki na kitu kimoja cha kukupa. Ile asubuhi kwenye kituo, yule mama mwenye mtoto mgongoni alinibariki kwa ajili ya mlango mbaya. Nilichukua baraka yake nikaondoka nayo, na haikuwa yangu. Nimekaa nayo miaka thelathini bila kuitumia. Ilikuwa ya fundi anayesema. Leo naitoa kwa mwenyewe, kwa mkono wangu juu ya kichwa chako, kama yule mama alivyoisema.

Mungu akubariki, fundi.